Jibu ni sahihi, kosa liko wapi?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka na miaka bila kuandika neno, lakini ile ripoti yenu ya kusifia kufunza hesabu kwa kuanzia na tatizo imenichokoza. Mwandishi wenu alieleza vyema: mtoto apewe kwanza jambo la maisha yake, atafute njia mwenyewe, kanuni ije baadaye. Hata akataja kwamba mtindo huu ulianza mwaka wa 1969 katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kwa wanafunzi wa udaktari. Haya. Hapa Kisumu tumeshauvuruga.

Binti yangu yuko Gredi ya 5. Aliulizwa: mfanyabiashara amenunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa Sh3,600, akauza kila gorogoro (kopo la kupimia nafaka) la kilo 2 kwa Sh100, alipata faida gani? Mtoto huyu hushinda nami sokoni Kibuye kila Jumapili, gorogoro analijua kuliko daftari. Akasema kilo ni Sh40, gorogoro ni Sh80, basi kila gorogoro lina faida ya Sh20. Magorogoro 45, faida Sh900. Hivyo ndivyo nipigavyo hesabu mimi, maana mteja akianza kuvutana bei nijue papo hapo nishuke hadi wapi. Mwalimu akampiga X nyekundu! Eti hakufuata njia: angetafuta kwanza jumla ya mauzo, ndipo atoe gharama. Na jibu la kitabu? Sh900 zile zile. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa wazazi tusiingilie mtaala. Sasa huko ni kutatua tatizo au ni imla? Kama watoto ni wa kukariri njia moja, si tungebaki na mtaala wa zamani wa 8-4-4 pesa zetu zikapona?

Na hizo pesa! Leo karatasi za manila, kesho gundi, keshokutwa niende saiba kuchapisha picha ya gunia. Picha ya gunia, Mhariri, na kwangu yamejaa hadi mlangoni.

Pendekezo langu: wizara iache warsha za hotelini. Walimu wa hesabu waje Kibuye Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja na gunia lake, bila kitabu. Atakayefika jioni bila hasara ndiye asahihishe tena daftari la binti yangu. Magorogoro nitawaazima mimi, yale yasiyobonyezwa chini kumpunja mteja.

Muuza nafaka,
Kibuye, Kisumu