Barua kwa mwanangu anayehamia kwa watani wa jadi

Mwanangu mpendwa,

Hongera tena kwa kupata nafasi chuoni. Mama yako ameshapiga simu Tanga kwa ndugu wote, na shangazi yako ameomba asomewe barua hii, kwa hiyo kuna mahali utaona naeleza mambo unayoyajua toka utotoni. Hayo ni ya shangazi.

Ualimu ni kazi ya heshima, na katika mchezo wetu wa halingi walimu ni wengi. Brian Cody, kocha aliyeipa kaunti yetu ya Kilkenny makombe 11, alikuwa akifundisha shule ya msingi hapa hapa mjini. Ila kati ya miji yote ya Ayalandi, masomo yamekupeleka Thurles. Mtoto uliyevaa mistari ya njano na nyeusi kabla hujajua kufunga kamba za viatu unakwenda kuishi katikati ya Tipperary, kaunti ya watani wetu, tena mwaka huu wa 2025, kombe la Liam MacCarthy, la ubingwa wa nchi nzima, likiwa kwao. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza ya shangazi. Halingi inachezwa na watu 15 kila upande, kila mmoja na fimbo yake ya mti wa ashi, na mpira mdogo wa ngozi unaoruka kwa kasi ambayo mgeni haioni mpaka jicho lizoee. Mpira ukiingia chini ya mwamba ni goli, nalo ni pointi 3. Ukipita juu ya mwamba kati ya nguzo ni pointi 1. Matokeo yakiandikwa 4-17, maana yake ni magoli 4 na pointi 17, jumla 29. Dakika 70. Na hakuna anayelipwa mshahara. Jumapili mtu anacheza mbele ya maelfu kwa maelfu ya watu katika uwanja wa Croke Park, Dublin, Jumatatu anakamua ng'ombe au anasahihisha madaftari.

Sasa tuongee mimi na wewe.

Unapokwenda si kijiji cha kudharau. Chama chenyewe cha mchezo huu, GAA, kilizaliwa huko, katika Hayes' Hotel pale Liberty Square, tarehe 1 Novemba 1884. Michael Cusack aliyeitisha mkutano alikuwa mtu wa kaunti ya Clare, lakini rais wa kwanza, Maurice Davin, alikuwa wa Tipperary, na ubingwa wa kwanza wa nchi nzima, wa mwaka 1887, ulichukuliwa na vijana wa Thurles wakiwakilisha kaunti yao. Askofu Mkuu Croke, ambaye Croke Park imepewa jina lake, amezikwa katika kanisa kuu la mji huo. Nenda ukalione kaburi lake wiki ya kwanza tu. Sisi tuna makombe 36 na wao wana 29, na hesabu hiyo uwe nayo kichwani, lakini usiianzishe wewe. Ngoja waanze wao.

Maana kuna jambo ambalo vijana wa rika lako hamlijui. Mmekua mkiiona Kilkenny kubwa, mkadhani ilikuwa hivyo daima. Tuliwafunga Tipperary katika fainali ya mwaka 1922. Kuja kuwafunga tena katika ubingwa ilikuwa mwaka 1967. Miaka 45, mwanangu. Mtu alizaliwa, akacheza, akastaafu, akapeleka wanawe uwanjani, na bado hajaona. Kilkenny ilichukua makombe ndani ya miaka hiyo, ila ikikutana na Tipperary inakwama. Wazee wa hapa wanakwambia walivyokuwa wakichekwa: eti Kilkenny wana fimbo tamu, lakini wakibanwa kwa nguvu wanalegea.

Siku ya fainali ya 1967 Tipperary walikuwa na John Doyle wa Holycross, beki aliyekuwa na medali 8 na akiitafuta ya 9, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipata wakati huo. Sisi golini tulikuwa na Ollie Walsh. Tukashinda 3-8 kwa 2-7. Doyle hakuipata medali yake ya 9. Na kijana wetu Tom Walsh alipigwa jichoni katika mechi hiyo, akalipoteza jicho, hakucheza tena. Helmeti hazikuwepo enzi hizo. Kwa wachezaji wakubwa zilikuja kuwa lazima mwaka 2010. Kwa hiyo ukisikia mzee wa Thurles anasema Kilkenny hatukuwahi kuteseka, mtajie jina la Tom Walsh, kwa sauti ya kawaida, bila kugombana.

Ya miaka yako mwenyewe unayajua nusu, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Kuanzia 2009 hadi 2019 tulikutana nao katika fainali za miaka 6. Tatu zetu, tatu zao. Sidhani kama kuna watani wengine wa mchezo huu waliokabana hivyo kwa muda mfupi kiasi hicho.

Ya 2009 ilikuwa yetu, 2-22 kwa 0-23, kombe la 4 mfululizo. Watakusimanga kwa ile penalti aliyofunga Henry Shefflin wetu, watasema haikuwa penalti. Wana haki ya kuuliza. Mimi nimeirudia kuitazama mara nyingi na bado sina uhakika nayo, ila kwa maoni yangu hata bila penalti tungeshinda, jinsi Kilkenny walivyomaliza mechi ile.

Mwaka uliofuata tulitaka la 5 mfululizo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Shefflin alikuwa ameumia goti kwenye nusu fainali, na mji mzima ulikuwa haulali kwa ajili ya goti la mtu mmoja. Wewe ulikuwa na miaka 3, nilikubeba mabegani hadi uwanja wetu wa Nowlan Park kwenda tu kutazama mazoezi, maana maelfu walikuja kuona kama anaweza kukimbia. Alianza fainali, lakini goti halikumfikisha hata nusu ya kipindi cha kwanza. Na Lar Corbett wao akatufunga magoli 3 peke yake. 4-17 kwa 1-18. Tipperary walistahili kila kitu siku ile, na ukiwa Thurles sema hivyo waziwazi, ni kweli na hutapungukiwa kitu.

Lakini ninayotaka uishike zaidi ni ya 2014. Mechi ya kwanza iliisha sare, 3-22 kwa 1-28. Sekunde za mwisho John O'Dwyer wa Tipperary alipiga mpira wa adhabu kutoka mbali sana, ukaenda juu ya nguzo, mashabiki wao wakaruka, na ikabidi kamera za Hawk-Eye ziamue. Mpira ulikuwa umetoka nje kidogo tu. Tukarudiana tarehe 27 Septemba. Katika marudiano hayo Séamus Callanan alipata mpira mbele ya goli letu na kuinua fimbo apige. J.J. Delaney, beki wetu, alikuwa nyuma yake, amechelewa. Akanyoosha fimbo yake kadiri mkono ulivyofika, ikaidaka fimbo ya Callanan ikiwa bado inashuka, na mpira haukupigwa. Basi, ni hicho tu. Mechi iliisha 2-17 kwa 2-14, tofauti ya pointi 3, sawasawa na goli moja. Ilikuwa mechi ya mwisho ya Delaney akiwa na Kilkenny. Ukija kufundisha watoto, wafundishe kwanza kile kitendo kabla ya kuwafundisha kufunga.

Ya 2016 na 2019 walitupiga vibaya na sina mengi. Kadi nyekundu ya Richie Hogan wetu mwaka 2019 iliniuma, ila pointi 14 ni nyingi mno kumtupia mtu mmoja.

Na ya Julai mwaka huu bado mbichi. Tulipeleka mpira juu ya mwamba mara 30, wao mara 20, na bado tukatolewa nusu fainali, kwa sababu walipata magoli 4 na sisi hatukupata hata moja. Wakaenda kuwavunja Cork kwenye fainali, 3-27 kwa 1-18, Cork wakiambulia pointi 2 tu kipindi chote cha pili. Utaikuta Thurles bado inasherehekea. Wape hongera.

Shangazi yako ataniuliza kama hii ni kama Simba na Yanga. Kelele zinafanana, ila kuna tofauti kubwa: huku humnunui mchezaji wa mtani. Mtu anachezea klabu ya parokia yake, na kutoka hapo anachezea kaunti yake. Mtoto wa Mullinahone ni wa Tipperary na mtoto wa Callan ni wa Kilkenny, ingawa ni mwendo mfupi tu kati yao, wanasali kwa maneno yale yale na kununua mbolea duka moja. Wengine wameoana. Nyumba za mpakani zina bendera mbili dirishani kila kiangazi.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Sisi tulikuja mji huu hatujui mtu. Kwa muda mrefu kazini waliniongelesha kwa adabu, kama mgeni. Siku Kilkenny ilipofungwa na Tipperary, dereva mwenzangu mtu wa Tipperary akanijia mimi wa kwanza, akaacha wenyeji wote wa hapo, akaanza kunitania. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo mama yako hakuielewa, kwa sababu timu yangu ilikuwa imefungwa. Mtu hataniwi kama si wa mahali. Thurles kuna atakayekuuliza unatoka wapi, halafu akuulize tena unatoka wapi hasa. Mjibu Kilkenny, mara zote mbili. Tanga ni ya baba na mama yako, nayo ni yako pia, lakini fimbo ulishika hapa. Seán Óg Ó hAilpín alizaliwa Fiji, na mwaka 2005 aliinua kombe Croke Park akiwa nahodha wa Cork na kuhutubia kwa Kiayalandi. Hakuna mtu wa Cork atakayekubali umwambie si wao.

Beba fimbo mbili. Ile mpya niliichagua mwenyewe kwa fundi: angalia pale chini inapopinda, mistari ya mti inapinda pamoja nayo, maana imekatwa karibu na mzizi. Fimbo ambayo mistari yake imekatika kwenye kona itavunjika mpambano wa kwanza. Itunze, kwani ashi zinakufa kwa ugonjwa, kwetu na kwao, na mafundi wengi sasa wanatafuta mbao nchi nyingine au wanajaribu mianzi. Chuoni wakikuita mazoezini, nenda. Utacheza timu moja na vijana wa Tipperary, na wanajua mengi ya kukufundisha, hasa namna ya kuudaka mpira wa juu, ambao wewe bado unauogopa kidogo.

Ligi ikianza, na Kilkenny wakipangiwa kuja Semple Stadium, uwanja wa huko Thurles, nitakuja na mama yako kwa njia ya Freshford na Urlingford. Tutafutie tiketi za jukwaa la Killinan End, tusimame wote. Kutakuwa na baridi. Vaa koti, na jezi uivae juu yake.

Baba yako,
Kilkenny