Barua ya wazi kwa vijana wa Dodoma mnaotaka kuuchunguza ugonjwa wa kusahau

Wanangu na wajukuu zangu mnaosomea udaktari, uuguzi na sayansi ya ubongo hapa Dodoma, mbukwenyi.

Baadhi yenu mlikuja nyumbani kwangu mkaniambia kwamba mnataka kuifanya dimensia, yaani ule ugonjwa ambao mitaani tunauita ugonjwa wa kusahau, kuwa kazi yenu ya utafiti kwa maisha yenu yote. Nilifurahi hata usiku ule sikupata usingizi. Mimi si mtafiti. Nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili hadi nilipostaafu. Lakini nimekaa na wagonjwa hawa wodini na nimekaa nao barazani kwao, na kwa sababu hiyo ninalo jambo moja ambalo ningependa mlichukue kabla hamjachukua vifaa vyenu: utafiti wa ugonjwa huu huanza kwa kumsikiliza mzee mmoja, kwa lugha yake, bila haraka, na kuyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Ndivyo ulivyoanza hata huko ulikopewa jina. Mwishoni mwa mwaka 1901, katika hospitali moja ya Frankfurt nchini Ujerumani, daktari Alois Alzheimer aliketi na mama wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter, akamuuliza jina lake, akamuuliza jina la mumewe, akamuuliza ni chakula gani alichokuwa akila wakati ule, na kila jibu akaliandika, hata lile lililoonekana halina maana. Alipoulizwa jina la mumewe, mama yule alitaja jina lake mwenyewe. Siku nyingine alisema kwamba amejipoteza. Alzheimer alihamia Munich, lakini hakumsahau mgonjwa wake. Mama huyo alipofariki mwaka 1906 aliomba apelekewe ubongo wake, akaupaka rangi zenye madini ya fedha, na chini ya hadubini akaona madoa magumu baina ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Novemba mwaka huohuo aliyaeleza hayo mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen, na hotuba yake haikuzua mjadala wowote. Jina la ugonjwa wa Alzheimer lilikuja mwaka 1910, katika kitabu cha Emil Kraepelin. Jalada la mgonjwa yule lilipopatikana tena katika miaka ya 1990, maswali na majibu yalikuwa bado yanasomeka. Naomba mlitafakari hilo, kwa maana kama daktari yule angeandika tu kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, tusingekuwa na cha kusoma.

Sasa nije kwetu. Vipimo vingi vya kumbukumbu mnavyofundishwa vilitungwa kwa ajili ya watu waliokwenda shule. Vinamtaka mzee achore saa ya ukutani, atoe saba katika mia moja na kuendelea kutoa, ataje tarehe ya leo. Bibi wa Chamwino ambaye hajawahi kushika kalamu atashindwa yote hayo akiwa na akili timamu kabisa, na ninyi mtarudi chuoni mkiwa na takwimu za uongo mlizozikusanya kwa moyo mweupe. Wenzenu waliofanya utafiti wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, walilijua tatizo hili. Waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013, yakishasawazishwa kwa umri, yalikuwa asilimia 6.4 wenye dimensia. Baadaye kikatengenezwa kipimo kifupi ambacho, badala ya kalamu na karatasi, kinamtaka mzee apange njiti za kiberiti zifanane na mchoro alioonyeshwa. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko mashine nyingi, kwa sababu aliyelibuni alianza na mikono ya mzee na mambo ambayo mikono ile imeyazoea.

Hata hivyo msikichukue kipimo cha Hai mkadhani kazi imekwisha. Kipimo kile humwomba mtu ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Mkimwuliza hivyo mfugaji wa Kigogo, huenda akaanza kuwataja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na mabaka yao, na dakika ikaisha hajatoka zizini. Je, mtamwandikia mnyama mmoja au kumi na watano? Amueni mapema, tena amueni pamoja na wazee wenyewe. Vivyo hivyo kuhusu umri, ambao ndio jambo lenye uzito kuliko yote katika ugonjwa huu: wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho mara nyingi ulikisiwa. Ulizeni kama mzee alikuwa amekwisha kuolewa wakati wa Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, kama alikuwa anachunga ndama au ng'ombe wakubwa Uhuru ulipokuja, kama mama yake alimsimulia njaa ya Mtunya, ile njaa kuu iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kama mtu aliyeipitia akiwa mtoto au akiwa mzazi. Mtapata umri ulio karibu na kweli.

Nawasisitizia lugha kwa sababu ya mama yangu mdogo, ambaye alinilea. Alipoanza kuugua, Kiswahili alichojifunza ukubwani kilimtoka kwanza, Kigogo kikabaki. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, akaulizwa maswali kwa Kiswahili, akanyamaza, tukaambiwa ni uzee tu, turudi nyumbani. Miezi michache baadaye alianza kutoka usiku. Alfajiri moja alikutwa amesimama mlangoni kwa jirani, kanga imemdondoka, akimwita dada yake aliyefariki zamani, na kabla jua halijapanda neno uchawi lilikuwa limekwisha kuzunguka kijiji kizima. Mnajua neno hilo limewafanya nini wanawake wazee wa nchi hii. Nami niliyekuwa nimevaa sare ya uuguzi miaka yote hiyo sikuwa na maelezo ya kuwapa majirani, kwa sababu nilikuwa sijafundishwa kwamba mgonjwa wa namna hii hutangatanga, hasa giza linapoingia, na kwamba anatafuta nyumba aliyoijua utotoni. Alifariki akiogopwa. Kwa hiyo mtakapokwenda vijijini, msiondoke na majibu yenu bila kuwaeleza watu wa nyumba hiyo, na mwenyekiti wa kitongoji, kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo. Elezeni siku hiyohiyo. Msisubiri ripoti ichapishwe.

Tena si kila anayesahau ana Alzheimer, ingawa huo ndio unaochukua asilimia 60 hadi 70 ya dimensia duniani. Wapo ambao mishipa ya damu ya ubongo imeharibiwa na shinikizo la damu lisilotibiwa. Wapo wenye upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingo iliyolegea, au kaswende ya siku nyingi, au virusi vya Ukimwi, au damu iliyovilia chini ya fuvu baada ya kuanguka. Wapo wenye vifuko vya minyoo ya tegu kichwani, na wapo wajane ambao ni huzuni tu imewafunga. Baadhi ya hao wanatibika, na itakuwa aibu kumwandika mtu katika daftari la utafiti na kumwacha bila matibabu ambayo yangemrudisha. Kamati ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14, yakiwamo elimu ndogo, shinikizo la damu na upungufu wa kusikia, ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimensia. Kwa mkoa wetu mimi ningeanza na mashine ya kupimia presha.

Najua pia mnavutwa na maabara, na sikatazi. Mama mmoja, Virginia Lee, aliyezaliwa China na kusomea piano London kabla ya kugeukia bayokemia, amefanya kazi Philadelphia, kwa miaka mingi pamoja na mumewe John Trojanowski, wakichunguza ubongo wa watu waliofariki. Mwaka 1991 walionyesha kwamba zile nyuzi alizoziona Alzheimer ni protini iitwayo tau iliyobadilika. Mwaka 2006 kundi lao likaitambua protini nyingine, TDP-43, katika dimensia ya sehemu ya mbele ya ubongo na katika ugonjwa wa neva unaolegeza misuli. Kati ya ugunduzi mmoja na mwingine ilipita miaka 15. Na dawa bado ni chache: lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi, protini inayofanya yale madoa aliyoyaona Alzheimer, na kupunguza kidogo kasi ya ugonjwa, lakini huanza kwa dripu kila wiki mbili na humtaka mgonjwa apigwe picha za ubongo kwa mashine ya MRI mara kwa mara, kwa kuwa inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu.

Siku itafika nanyi mtahitaji kuomba ubongo wa marehemu. Nawasihi msiombe msibani, wala msimtume mgeni mwenye fomu. Aombwe mwenyewe akiwa hai na akili yake ikiwa bado inaelewa, mbele ya wanawe na wajomba, na aombwe na mtu ambaye amekunywa uji nyumbani humo mara nyingi. Akikataa, endeleeni kumtembelea kama zamani.

Miguu yangu bado ina nguvu na Kigogo changu hakijapotea. Mkiwa tayari kuanza, njooni baada ya mavuno ya mtama, wakati wazee wana nafasi ya kukaa, nami nitafuatana nanyi nyumba kwa nyumba mpaka wenyeji wawazoee.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu wa afya ya akili,
Dodoma