Mwanangu, mwambie mwenyewe

Mwanangu,

Habari kwamba kikosi cha kuwapokea zamu ya kulinda amani kimechelewa, na kwamba mwaka wenu huko umeongezwa miezi mitatu, niliipata kwa mkeo kabla hujanipigia. Alikuja na simu mkononi akanisomea: "Tumeongezewa muda. Mimi mzima. Wasalimie." Maneno matano. Kisha akaniuliza, "Baba, kwani huko hanikumbuki?"

Nilikosa la kumjibu. Mimi uliniambia kwamba leso yake umeikunja ndani ya fulana ya kuzuia risasi, na kwamba ukiwa lindoni usiku unamsikia akikuita mpaka unageuka. Mbona hayo naambiwa mimi? Mwambie mwenyewe.

Utasema hutaki kumtia wasiwasi. Wasiwasi anao tayari. Tarehe 29 Mei redio ilikuwa ikiwataja walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokufa kazini tangu 1948, zaidi ya 4,000. Alikuwa anakunja nguo za mtoto. Akainuka, akaizima, akarudi kulikunja upya shati alilokwisha kulikunja. Sikumsemesha, na ningemsemesha nini?

Sikuambii utaje njia za doria wala siku ya ndege. Hayo ni ya jeshi, na kufunga mdomo nilikufundisha mimi. Pengine nilikufundisha kupita kiasi. Siku niliporudi mimi, mama yako alinipokea mlangoni nikamwomba maji ya kuoga. Aliniuliza mara tatu, mara nne, halafu akaacha. Hakuniuliza tena hadi tunamzika. Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako.

Bereti ya buluu imekupendeza sana. Picha yako nawaonyesha hata wasioniuliza. Ila umekonda, na usinidanganye kwamba ni kamera. Pesa nazo zinafika kila mwezi, ahsante, Mungu akuzidishie. Lakini mkeo hakuja kwangu kuuliza habari za pesa.

Na siku ukirudi, usiingie na amri za kambini. Kitanda amekihamishia dirishani, kitasa amebadilisha, hesabu za nyumba anazo yeye. Uliza kwanza. Mtoto anakuita "baba wa kwenye simu". Akikukimbia siku ya kwanza usinune, mwache akuzoee. Usiku ukishtuka usingizini usiende kukaa nje peke yako gizani kama mtu fulani unayemjua. Mwamshe mkeo. Hata kama huna la kusema, mwamshe.

Bomba la jikoni linavuja tena. Nimelifunga kwa mpira wa baiskeli, litashika kwa muda. Mlango wa uani umevimba kwa mvua, unafunguka kwa bega. Mkeo anataka kumwita fundi, mimi nasema tukusubiri wewe, lakini kwa hii miezi mitatu naona yeye ndiye mwenye haki. Atamwita.

Halafu ule ufunguo wa sanduku la vifaa, uliondoka nao? Nimeutafuta hadi chini ya makochi. Kama unao huko, usinijibu mimi. Mpigie mkeo umwambie yeye, na ukishamwambia habari za ufunguo, usikate simu.

Baba yako