Baba, uzi ndio huu

Kawempe, Kampala

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi mzima, alhamdulillahi, na kazi ya kupiga picha inakwenda. Kile kifua cha wakati wa mvua kimekwisha, Mama, kwa hiyo usimtume tena mtu kuniletea mkaratusi; huku imejaa kila kilima. Chakula nakula. Matoke nimeyazoea, na mchuzi wao wa karanga ni mtamu kweli, ila nazi inayofika Kampala imesafiri kuliko mimi, na bei yake utadhani ilipanda ndege.

Barua hii nimeifunga pamoja na picha. Baba alilalamika kwenye simu kwamba haoni uzi wa kanzu, anaona weupe tu. Ni kweli. Picha ikipita WhatsApp inaminywa, na vya kwanza kupotea ni vile vidogo ambavyo fundi ndivyo anavyovitafuta. Nimezisafisha kubwa, kwenye karatasi nzuri, na nyuma ya kila moja nimeandika mahali. Msizibandike zote ukutani. Iko moja ambayo si ya ukutani, nitaieleza.

Anza na ile ya wanaume waliojipanga mstari. Hiyo ni kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, na ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Upande wa muoaji unakuja na mizigo: vikapu, kreti za soda, nyama, vitambaa, na jogoo ambaye ni haki ya kaka wa bibi harusi, asipokuwepo hakuna harusi. Kila upande una msemaji wake, na hao wasemaji wanaweza kutaniana na kutozana faini mpaka njaa iwaume wageni, bwana harusi mwenyewe bado hajulikani amekaa kiti gani. Anayekuja kumtafuta kati ya wageni ni ssenga, shangazi wa binti.

Sasa tazama walivyovaa. Kanzu, Baba. Kanzu yetu, na juu yake koti la suti. Na karibu wote hapo ni Wakatoliki. Yule mzee wa katikati ni katekista. Kanzu ilifika Buganda na wafanyabiashara wa pwani. Ahmed bin Ibrahim anatajwa kuwa alifika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844. Muteesa aliyemfuata akawa anafunga Ramadhani, kisha wakaja wamisionari, watu wakagawanyika kwa dini wakapigana vita, lakini kanzu hakuna aliyeivua. Leo ni vazi la heshima la kila Muganda, awe wa msikitini au wa kanisani.

Picha ya pili nimemsogelea yule katekista shingoni, kwa ajili yako. Ona darizi ya uzi wa damu ya mzee inavyozunguka shingo, ikashuka kifuani, ikatokea tena kwenye mikono. Wewe ungetia uzi mweupe juu ya nguo nyeupe ukasema mwenye macho ataona. Wao wanataka aone hata aliye barabarani. Mshono wa begani sikuupenda, ni wa haraka, lakini hilo nakuachia wewe. Mtoto wake nilipomwambia baba yangu ni fundi wa kanzu Tanga, hakuniacha: anataka moja ya mkono wako, yenye darizi ya Kiganda. Vipimo viko kwenye karatasi ndogo ya njano. Nimemwambia rangi hutaipenda lakini utaishona.

Wanawake wamevaa gomesi, lile gauni lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana uliofungwa chini ya kiuno. Jina ni la fundi mmoja Mgoa, Gomes, wa mwanzoni mwa karne iliyopita. Basi vazi la wanaume limetoka pwani, la wanawake limepita kwenye cherehani ya Mgoa, na hakuna Muganda atakayekubali kuambiwa si ya kwao. Mimi naona wana haki. Nguo ni ya aliyeivaa kwenye arusi zake na misiba yake, si ya aliyeiuza mara ya kwanza.

Baba, utaona pia kwamba sura zinaonekana. Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe. Kamera ikikutana na weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi unazama. Lazima ubishane nayo, uongeze mwanga mpaka uso utokee, kanzu uiache ing'ae itakavyo. Na jua la hapa, kwa kuwa tuko hatua chache tu kutoka ikweta, saa sita linasimama utosini na kuwatia watu giza machoni, na wenye sherehe ndiyo saa wanayoipenda. Inabidi niwasogeze wazee kwenye ukingo wa hema, na mzee huwezi kumsogeza hivi hivi. Kwa hiyo kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba namtafuta ssenga. Siku hiyo serikali ni yeye. Nampigia magoti kumwamkia kama wafanyavyo mabinti wa hapa, namweleza mimi ni nani na nimetoka wapi, nasubiri. Akikubali, naingia hata chumba anachovalishwa bibi harusi. Akikataa, hata aliyenilipa hawezi kunisaidia.

Hicho ndicho nilichojifunza kwenye safari zote hizi kuliko kamera yenyewe: kila mahali yupo mwenye ruhusa, na mara nyingi si yule anayejitokeza mbele.

Kwa mzee wa picha ile ya rangi ya udongo uliochomwa, ruhusa ilikuwa kazi. Hapo ni wilaya ya Mpigi. Anatengeneza nguo ya gome la mti, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005, na yeye ni wa ukoo wa Fisi Maji, ukoo wenye ufundi huo wa kurithi. Mti wenyewe, mutuba, ni jamii ya mkuyu. Wanauchuna gome wakati wa mvua, wanaufunga majani ya mgomba usikauke, nao unaotesha gome jipya. Mti mmoja unavunwa miaka na miaka. Gome linalazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifuo, kwanza yenye mifuo mipana, kisha nyembamba, kisha nyembamba zaidi, mpaka linatanuka na kulainika. Kazi hufanyiwa bandani, si juani, gome lisiwahi kukauka. Mzee alisema hanipi picha mpaka nishike nyundo. Nikaishika, nikapiga, mkono ukafa ganzi kabla hata gome halijajua limepigwa, wajukuu zake wakacheka mpaka wakakaa chini. Ndipo akaniambia endelea na vyako. Tazama pembe ya chini kushoto: pale palipokuwa na jicho la tawi pametoboka, wametia kiraka cha gome hilo hilo na kukishona kwa mkono. Nimepiga mishono hiyo kwa karibu kabisa, nikajua utaitazama kabla ya kumtazama mzee.

Ya Kasubi, kwenye makaburi ya makabaka, ni ya nje tu. Nyumba ile kubwa ya nyasi iliungua Machi 2010 na imejengwa upya. Ndani, pazia la magome linafunika upande walikolala makabaka wanne, kuanzia Muteesa wa Kwanza. Huko nyuma ya pazia si kwa kamera, na sikuona haja ya kuuliza.

Mama, wewe uliuliza mbona sipigi simba. Simba ana wapiga picha wa kumtosha, na wana lenzi ndefu kuliko mkono wangu. Ila nimewatilia moja ya Kayabwe, barabara ya Masaka, kwenye ile duara nyeupe inayoonyesha ikweta, kwa ajili ya Zuhura aipeleke shule. Pale kuna vijana wenye makarai wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka huku upande wa kaskazini, kule upande wa kusini. Ni ujanja wa mkono. Mzunguko wa dunia hauwezi kugeuza maji ya karai. Zuhura amwambie mwalimu, ila kwa adabu.

Zile tatu zenye kuta nyekundu ni Harar, Ethiopia. Tulipanda ndege mpaka Addis, tukaunganisha mpaka Dire Dawa, kisha gari milimani. Mama, huo mji ungeupenda. Ni mji wa Waislamu, umezungushiwa ukuta, na ndani ya ukuta, eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu, kuna misikiti 82. Vichochoro vyembamba mpaka punda akija unabana mgongo ukutani. Ukiingia sebuleni hakuna viti. Kuna mabaraza yaliyopanda ngazi kwa ngazi, yamepakwa rangi nyekundu, na kila mtu ana pake kwa umri na heshima, huwezi kujikalia tu. Ukuta mzima umetundikwa vikapu, mabakuli na sahani. Vikapu vinasukwa na wanawake wenyewe, vya rangi, vimekazwa hata ncha ya sindano haipiti. Mwenye nyumba alinikaribisha kahawa, akaniacha nitazame nishibe, kisha akasema: piga vikapu, mabinti zangu usipige. Ndiyo maana sebule ile haina mtu. Mabinti walikuwa wamekaa hapo hapo kando yangu, wananicheka nilivyokuwa nakunja shingo kutafuta pembe.

Usiku nje ya ukuta kuna wanaume wanaolisha fisi nyama, fisi hasa, wanawaita wanakuja. Picha imetoka na ukungu kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Sitasema zaidi.

Ya Kigali hamtaiona kwenye bahasha. Nilikwenda Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kuna chumba kimetundikwa picha walizoleta ndugu waliobaki: za harusi, za shule, za studio. Picha za kawaida, kama hizi ninazopiga kila Jumamosi. Nilikaa kwenye benchi nje muda mrefu. Tangu nirudi, mteja akiniambia ile aliyofumba macho niifute, naiweka kwanza pembeni.

Sasa hiyo isiyo ya ukutani. Ni ya bibi mmoja wa Masaka, amekaa mlangoni kwake, hacheki. Nilipoanza kwa Kiswahili alinyamaza, akanitazama viatu. Wazee wengi wa Uganda Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari, wa Amin na kisha wa kwetu. Nikarudi siku nyingine na jirani yake wa kutafsiri Kiganda, ndipo tukazungumza. Masaka ilibomolewa na jeshi letu Februari 1979, kulipiza kisasi cha uvamizi wa Amin kule Kagera. Shule tulifundishwa ushindi. Habari ya Masaka sikumbuki kuisikia. Bibi akaniuliza waliorudi Tanzania walisimulia nini kuhusu hapa. Nikamwambia walisema waliwakomboa watu kwa Amin. Akasema ni kweli, walishangilia, na ni kweli nyumba yake iliangushwa, na yote mawili aliyaona kwa macho yake haya haya. Kisha akajifunga vizuri gomesi, akaniambia haya, piga, lakini nisimfanye mtu wa kuhurumiwa. Nadhani nimeweza. Mtaniambia.

Kwa nini siitaki ukutani: kwa sababu ya picha ya Baba Mkubwa. Mnaijua, iko sebuleni kwake tangu sijazaliwa. Yeye na sare, bunduki begani, kijana, mbele ya duka lililofungwa, Uganda, 1979. Sote tumekua tukimtazama yeye. Lakini nyuma yake, mlango wa pili, kuna mwanamke amechungulia nusu, bega la gomesi linaonekana. Nimeikumbuka nikiwa palepale Masaka na sijaacha kuifikiria. Hakuna aliyemuuliza kitu yule mama. Sisemi Baba Mkubwa alifanya baya, namjua, na kijana akitoka vitani salama ana haki ya kupigwa picha. Nataka tu kujua zaidi kuliko ninavyojua.

Baba, kaka yako akinywa kahawa jioni huwa anasimulia mwenyewe. Muulize taratibu, bila kumwonyesha barua hii kwanza: ilipigwa mji gani, nani aliipiga, na duka lilikuwa la nani. Asipotaka, muache. Akikubali, chukueni ile picha mkaiskani steshenari kwa ukubwa wote, mnitumie kwa barua pepe. Na ikiwa ni Masaka, nitarudi kwa yule bibi nayo, nimuulize kama anamtambua.

Hela ya miwani ya Bibi nimeituma kwa simu ya Mama, mtaona imeingia kwa jina la wakala. Mwezi ujao nina kazi Mbarara, kisha nikijaliwa Karamoja, ambako nasikia wazee hawapigwi picha bure, na mimi sioni ubaya wake. Wanaokuja kuwapiga huwa wanaziuza. Nisalimieni majirani wote wa Ngamiani, Shangazi mwambieni Waganda wangemheshimu sana huku, na Zuhura asiishike picha kwa mikono yenye mafuta ya muhogo.

Mkijibu, jibuni lile la Baba Mkubwa hata kama ni kwa mstari mmoja.

Wasalaam,
binti yenu Mwanahamisi