Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka tuliompoteza Fundi

Ndugu wanachama, habari za jioni, na nyie mnaosikiliza kwa simu mkiwa kazini karibuni sana. Kawaida taarifa ya mwenyekiti inaanza na mahesabu, mwaka huu naomba mnivumilie, mahesabu mtasomewa na mweka hazina, hatudaiwi na mtu, ila ada zilipwe kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa. Mimi nitamuongelea Fundi, mzee aliyetufundisha kutengeneza bunduki za kizamani, maana mwaka wetu wote ulikua ni yeye.

Mzee alitutoka mwezi wa tatu, nyumbani kwake hapahapa Lancaster, Pennsylvania, Marekani. Sisi wa Tanzania na Kenya tulimwita Fundi, ndugu zetu wa Kongo walimwita Papa, na yeye aliitika kote kote ingawa Kiswahili chake kiliishia kwenye "karibu" na "polepole". Hiyo polepole aliipenda mno, kila ukishika tupa mkononi utaisikia nyuma ya bega lako.

Wengi mmejiunga juzijuzi kwahiyo niseme tulivyofika kwake. Pennsylvania ina msimu wa kulungu wa bunduki ya gumegume peke yake, unaanza baada ya Krismasi unaingia Januari, upo tangu 1974, hakuna fataki wala ganda la risasi, ni jiwe linagonga chuma, cheche zinadondoka kwenye baruti basi. Sisi tukasema ah hilo ni gobore, tunalijua. Tulichokua tunakijua ni gobore la kijijini, la bomba la maji lililofungwa na waya, lile ndugu zetu wa Katanga wanaliita pupu, mjomba wangu alikua nalo na sisi watoto tulikatazwa hata kukaa upande lilipo maana mwenzake lilimpasukia mkononi. Sasa Fundi akatutolea ya kwake kwenye mfuko wa blanketi. Mtutu wa pembe nane, urefu zaidi ya mita moja, mbao ya mti wa mepo (maple) yenye mawimbi kama ngozi ya chui milia, na kifuniko cha shaba ya njano kwenye kitako. Hakuna aliyeongea kwa muda. Mmoja wetu ambaye babu yake alikua mhunzi kule Kivu aliigeuza, akachungulia ndani ya mtutu, akaanza kulia.

Fundi alituambia bunduki hii ni ya hapa. Wajerumani walihamia huku miaka ya 1700 na bunduki zao fupi nene, mafundi wa Lancaster wakarefusha mtutu na kupunguza tundu ili risasi na baruti vidumu, maana mtu alikua porini miezi na duka hakuna. Alimtaja sana Jacob Dickert, mzaliwa wa Ujerumani 1740, akafanya kazi mji huuhuu hadi akafa 1822, na alikua anamuongelea kama jirani aliyehama wiki iliyopita. Mimi nimeishi mji huu miaka mingi nikiona ni mahali pa kazi na kulipa kodi ya nyumba, yeye ndie alinifanya nione kwamba hata huku watu walikuja na ufundi wao mikononi kama sisi.

Ufundi wake mnaujua mliokaa kwenye jiliwa lake. Kulaza mtutu kwenye mbao alikua anaupaka masizi ya taa, anaushusha, anauinua, palipobaki weusi ndipo patasi inapita, kidogo tu kama unga wa sembe, halafu anarudia, mara mia, mara mia mbili, mpaka karatasi haipiti. Rangi ya mbao hakununua dukani, alichukua tindikali iliyoyeyushiwa chuma, anapaka, halafu anapitisha moto na ile mbao nyeupe inageuka kahawia mbele ya macho yako, mawimbi yote yanajitokeza. Mtutu anauacha ushike kutu makusudi, anasugua, unashika tena, mpaka unapata rangi ya gome la mti. Mimi nilimuuliza kwanini asitumie mashine, mtambo wa dukani mbona upo, akasema mashine ni nzuri ila yeye alitaka mkono ujue kwanini.

Na hakuficha kitu. Hili ndilo nataka liandikwe kwenye kumbukumbu za chama. Mafundi wengi wanakufundisha nusu, nusu nyingine wanaondoka nayo, hata kwetu mganga na mhunzi ni hivyohivyo. Yeye ukiuliza anakuchorea, anakupa na tupa yake uende nayo nyumbani. Bunduki uliyotengeneza kwenye meza yake alikua hataki jina lake liwepo hata kama nusu ya kazi kafanya yeye, alikua anasema andika lako, wewe ndie utakayeulizwa ikigoma. Ndio maana leo kwenye chama kuna bunduki 4 zenye majina ya Kiswahili kwenye mtutu, na mojawapo ni ya dada yetu ambaye msimu uliopita alipata kulungu wake wa kwanza kwa golori moja ya risasi na kitambaa cha pamba cha kuizungushia, kilichopakwa mafuta.

Sasa kuna jambo la kuamua. Familia imetuachia bunduki yake ya mwisho. Mtutu umeshakaa, mtambo wa kugongesha jiwe umeshakaa, mdeki wa kushindilia upo, mbao haijapakwa, na tundu la moto, lile linalopitisha moto wa kisahani cha baruti kuingia ndani ya mtutu, halijatobolewa. Kamati imegawanyika. Wengine wanasema tuitundike ukutani hivyohivyo iwe kumbukumbu, na nawaelewa, kuigusa ni kama kumalizia sentensi ya marehemu. Mimi msimamo wangu ni tuimalize. Fundi alikua akiona bunduki ya ukutani anauliza kwanza inalia? Isipolia hageuki tena. Tundu likikaa juu sana au chini sana usawa wa kisahani cha baruti bunduki inaweza kuwa inachelewa kuwaka, hilo tunalijua kwasababu yeye alitufundisha, kwahiyo uwezo tunao, tunachokosa ni moyo wa kushika keekee.

Nimeongea na yule ndugu wa Kivu. Amekubali kutoboa, kwa sharti kwamba tuwepo wote na asiharakishwe. Mtapiga kura baada ya mweka hazina, mkikubali ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao saa tatu asubuhi kwenye karakana ya Fundi, mama yaani mjane wake ameshasema mlango utakua wazi na chai itakuwepo. Atakayekuja aje na masizi, yale ya kwenye kopo yameisha.