Kwa mdogo wangu uliyewasha gari

Mdogo wangu,

Simu hupokei. Ujumbe unausoma, alama mbili za buluu naziona, jibu haliji. Basi nakuandikia hapa mbele ya watu, maana najua wanao wadogo husoma hapa na mmoja wao atakusomea hata ukikataa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichogombania nacho ukoko wa sufuria tangu Kitale. Kiluganda changu kimebaki cha zaburi na cha sokoni.

Kwanza pole ya goti. Nimeambiwa uliteleza ngazini. Mafuta ya kuchua, yale ya mama, nimempa dereva wa matatu ya Eldoret. Ulizia stendi Jumatano, na ukishayapata usiyaweke karibu na jiko.

Sasa tuzungumze la gari.

Nilikuomba mambo mawili tu ile Ijumaa: uvae kofia, na gari uliache chini kwa fundi baiskeli, kwa sababu siku ya Sabato watu wetu, sisi Wayahudi wa Mbale, Uganda, wanapanda kile kilima cha sinagogi kwa miguu, hata bibi wa miaka 80 na fimbo yake. Kofia ulivaa. Gari ukalipandisha mpaka chini ya dirisha la sinagogi. Nikanyamaza. Nilijiambia, amekuja, yatosha.

Ilikuwa Oktoba 29, 2022, Sabato inayosomwa habari za Nuhu. Hatukuichagua ovyo siku hiyo ya kumheshimu binti yako. Miezi mitatu nyuma, Jumamosi ya Julai 30, tulikuwa tumeshaiaga Sabato, mshumaa umezimwa, watoto wamelala, mvua ikashuka kutoka Elgon kama iliyotumwa. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikatoka kwenye kingo zake. Mbale ikaamka na maiti zaidi ya 20, na mabomba ya maji yamekatika. Watu walikuwa wamezungukwa na maji na hawana ya kunywa. Alfajiri binti yako alikuwa mlangoni kwangu na jerikeni mbili, matope mpaka magotini, ananiuliza zile sufuria za harusi ziko wapi.

Hilo hukuliona, na silaumu, ulikuwa mbali. Lakini nikueleze jambo moja ujue nilichokiona mimi. Alikusanya vijana: wa kwetu, wa msikitini, wa kanisani. Wakachota maji chemchemini, wakachemsha, wakabeba. Siku ya tatu akagundua kwamba wenye nguvu ndio wanaofika mbele ya foleni. Akachukua kipande cha mkaa, akapita nyumba kwa nyumba kuandika milangoni: herufi moja kwa nyumba yenye mtoto mchanga, nyingine kwa nyumba yenye mzee asiyetembea. Wabebaji walianzia hapo. Mimi nilisimama barabarani nikaitazama ile milango na alama zake, nikamkumbuka baba alivyokuwa akitusimulia usiku wa Misri.

Kwa hiyo wazee waliposema kijana huyu aheshimiwe, walisema aheshimiwe Sabato ya gharika. Akina mama wakamshonea shali ya sala, ile mistari ya samawati, vishada kwenye pembe nne. Na wakaamua aitwe kwenye Torati. Wewe umekulia ndani ya haya, sina haja ya kukufundisha, ila wengine wanaosoma hapa hawajui: kwetu mtu hapandi mwenyewe kusoma. Anaitwa kwa jina lake na la baba yake.

Basi wakamwita. Fulani binti wa fulani. Na huyo fulani ni wewe, kwa lile jina baba alilokupa siku ya nane, ambalo Eldoret nzima hakuna analijua. Watu wote wakageuka kukutazama, kwa furaha, nakuapia kwa furaha. Ulikuwa umesimama mlangoni, bega moja ndani, moja nje. Ukanitazama mimi. Halafu ukatoka.

Alikuwa ameshashika kijiti cha kusomea, anatafuta mstari kwenye gombo, ndipo tukasikia injini. Dizeli yako ile haiwaki mara moja. Iliwaka mara ya tatu. Moshi ukaingia dirishani. Binti yako akainua kile kijiti juu ya ngozi, akakishika hewani, akangoja gari lishuke kilima lote, lipite kona ya mwembe, mpaka liliposikika kwa mbali tu. Ndipo akaanza kusoma. Hakukosea hata neno. Hakulia. Ningefurahi kama angelia.

Mimi niliacha mchuzi wa karanga bila kuuonja. Simu siigusi siku hiyo, unajua. Nilikaa uani nikingoja nyota tatu, zile za kuifunga Sabato, kama mtu anayengoja dawa ichemke. Zilipotoka nikakupigia, ukawa umezima. Jumapili ndipo ukanitumia maneno yako: "Wenzake Marekani wanapewa dola 36,000. Ninyi mmempa kitambaa."

Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko ulivyokusudia. Na ni kweli, tuzo hiyo ipo. Mfuko wa Helen Diller wa kule California huitoa tangu 2007 kwa vijana wa Kiyahudi wa miaka 13 hadi 19 wanaoongoza kazi za kusaidia watu, na ni dola 36,000 kwa kila mmoja, za masomo au za kuendeleza kazi yenyewe. Nasema Mungu awazidishie, mtoto aliyetumika alipwe. Lakini hivi hukujiuliza kwa nini 36 na si 40? Baba alitufundisha, herufi za Kiebrania ni tarakimu pia. Yodi ni 10, heti ni 8. Ukiziunganisha unapata 18, na neno lake ni hai. Hai, kama letu hili hili, aliye hai. Thelathini na sita ni uhai mara mbili. Hao matajiri wa California na akina mama wetu wenye sindano walikuwa wanasema neno lilelile, kila mmoja kwa mfuko alionao. Wewe uliyekuwa mwepesi wa hesabu kuliko sisi sote ndiye uliyeona kitambaa.

Najua unachojibu. Najua mkopo wa chama cha akiba uliochukua kumlipia chuo, najua shamba la Kitale liliwekwa dhamana. Baba aliyelipa ana haki ya kuuliza mtoto wake amekuwa nini. Ungeniuliza. Ningekupikia, tukae, tuongee mpaka taa izimwe.

Nimewaza sana juu ya ule mlango. Unakumbuka, lazima unakumbuka, kabla hatujakimbilia Kitale. Amin ameshaipiga dini yetu marufuku, sinagogi zimefungwa, baba anafunga madirisha Ijumaa jioni na blanketi juu ya blanketi. Na wewe, wa miaka saba, unawekwa nje mlangoni na mpira wa matambara. Mtu akikaribia, unaupiga ukutani mara mbili. Sisi ndani tunasali kwa midomo tu. Mimi nilikuwa ndani na mama, nimekaa kwenye joto la mshumaa, na wewe ulikuwa nje gizani peke yako ukitulinda. Hakuna aliyekuambia asante. Hakuna hata aliyekuita kwa lile jina nje ya nyumba, tulikatazwa.

Labda ndiyo maana uliposikia jina hilo linatajwa kwa sauti, milango wazi, miguu yako ilikimbia kabla yako. Nikiwaza hivyo hasira inanitoka. Halafu nasikia tena ile injini, inarudi.

Na ile Aprili 11 ya 1979? Mama anasukuma mkate usiotiwa chachu, Pasaka inaingia jioni hiyo hiyo, redio ya jirani inasema majeshi ya Tanzania yameichukua Kampala, Amin amekwisha. Baba alitoka nje na kofia kichwani, akatembea mpaka barabarani na kurudi. Ulimfuata nyuma ukimuuliza, "Sasa mpira niuache?" Sisi tulicheka. Nimekuja kutambua miaka hii kwamba hukuwa unachekesha.

Tuliporudi hapakuwa na watu. Wanasema tulikuwa kama 3,000 kabla ya Amin na tukabaki kama 300. Nani aliinua jamii hii? Si wazee. Wazee walikuwa wamezoea kunong'ona. Ni vijana wa miaka ya 80, akina Keki na Sizomu na wenzao, waliokwenda kukaa pamoja kilimani Nabugoye wakaita kibbutz, yaani kijiji cha shamba la pamoja, wakalima, wakajifunza, wakaimba zaburi kwa sauti mpaka majirani wakatoka kutazama. Hawakuwa na mshahara. Baba alikutuma uende, na nauli akakupa. Ukapanda basi la Nairobi.

Sikukulaumu wakati ule. Ulikuwa na njaa ya maisha. Ila tazama walikofika wale uliowaona wanapoteza muda. Sizomu amesoma Los Angeles akawa rabi 2008, na 2016 watu wa Bungokho Kaskazini, wengi wao Wakristo na Waislamu, wakampeleka bungeni. Keki alikuwa New York Septemba 11, 2001, akaona kwa macho yake chuki ya dini inaweza nini. Alirudi akabisha kwa majirani wa dini zote, na 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, amani tamu, Myahudi na Muislamu na Mkristo kwenye mizani moja. Binti yako amesoma njia hiyo. Wale vijana waliobeba maji wa msikitini, wazazi wao wanauza kahawa kwenye ushirika huo.

Na si maji tu. Mwaka 2018 mmoja wetu aliomba kuhamia Israeli na wizara yao ya mambo ya ndani ikamkatalia, kana kwamba kina baba walifunga yale madirisha kwa mchezo. Binti yako ndiye aliyekaa kwenye meza yangu akiandika barua, moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza safi ulichokilipia wewe. Sijui kama uliwahi kuwaza hivyo, kwamba mkopo wako ndio ulioandika zile barua.

Sasa nifike kwenye lile unalolisema kwa watu, kwamba nilikuibia mtoto.

Mimi ni shangazi yake. Huku ssenga si jina la kuitana tu, ni kazi. Aliponijia Machi ile kuniambia ameacha kazi ya benki Kampala, alikuwa amekonda, hali chakula, halali usingizi. Akaniomba nisikuambie mpaka apate cha kukuonyesha. Nikakubali. Miezi saba nilikaa na siri yako mwenyewe kifuani, na kila ukinipigia nilisema hajambo, kazini kwema. Nilikudanganya. Ningefanyaje? Ningekuambia, ungekuja siku hiyo hiyo kumrudisha, naye angerudi, kwa sababu anakuogopa. Na Julai nani angeandika ile milango? Nilimlisha, nilimlaza kitanda cha mama, senti yako sikuigusa. Nilitaka uje umwone amesimama na shali mabegani, ndipo ujue. Nilidhani ukimwona utaelewa kabla hasira haijafika.

Badala yake uliambiwa habari za benki pale uwanjani, na mtu aliyedhani unazijua, dakika chache kabla ya sala. Hilo nililijua baadaye. Hilo ni langu, nalikubali mbele ya wote wanaosoma hapa. Lakini mdogo wangu, hasira ilikuwa juu yangu. Ungenipiga mimi na maneno palepale uani, mbele ya wazee, ningeinamisha kichwa. Jina lililotajwa halikuwa langu, lilikuwa lako na lake.

Bado yuko kwangu. Kikundi chake sasa kinapanda miti kwenye kingo za Namatala. Miguu yake imekuwa migumu kama ya mama. Hakutaji vibaya. Kila Ijumaa anapowasha mishumaa anabaki ameziba macho muda mrefu kuliko sisi, na mimi simuulizi anamwombea nani.

Wazee wanataka kumwita tena, safari hii asome sehemu ndefu. Mshereheshaji alikuja kuniuliza kwa upole, je, amwite kwa jina la mama yake peke yake? Nikamwambia hapana. Amwite kama alivyozaliwa.

Tarehe utaipata kwa wanao. Ukitoka Eldoret mapema Ijumaa, mpakani hutakawia. Kitanda nitakutandikia kile cha dirishani. Gari uliache chini kwa fundi baiskeli, kijana wake atakulindia, nitamlipa mimi kabla jua halijazama.

Dada yako.