KUH: Mwanafunzi wangu kupigwa na kuitwa ng'ombe kituoni kwenu

Kwa Meneja,

Salamu. Nimejizuia siku tatu kabla ya kuandika, maana Jumanne ile ile kalamu yangu isingekuwa na adabu. Masharti yenu ya ziara za shule mmeyabandika wenyewe langoni, sitawasomea.

Watoto 42 wa Gredi ya Tano walisimama kwenye daraja lenu la mbao, kati ya miti ya maji ya chumvi, mbele ya mti wenye kibao "MKOKO". Mmoja, ambaye babu yake ni mvuvi, akasema kwa upole, "Huu si mkoko, ni mchu." Akachuma jani moja, akaliramba, akasema lina chumvi. Mtembeza wageni wenu akampiga mkono, jani likaanguka majini. "Hapa si malishoni, ng'ombe wewe!" Wageni nyuma yetu wakacheka.

Na mti ulikuwa mchu! Mkoko husimama juu ya mizizi yake kama kaa juu ya miguu. Ule mizizi yake ilichomoza wima kama penseli, ncha tu ndizo zilizosalia juu ya maji. Jani la mchu hutoa chumvi. Mnatoza kiingilio kufundisha jambo ambalo mtoto alikuja nalo kutoka nyumbani.

Maji yenyewe yasingekuwa yamepanda hivyo. Niliomba saa nne kwa sababu ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na saa hiyo maji yangekuwa yamekupwa, kaa na ndege wote wako nje. Mkakubali. Kisha mkatuweka langoni juani hadi saa saba, huku kundi la hoteli lililotukuta pale likipitishwa. Tangi la kasa nalo lilikuwa limefunikwa turubai, bila maelezo.

Msaidizi wako aliniambia kwa simu eti "alikuwa anatania tu". Basi narudia. Jani lilikuwa mkononi, ulimi bado uko nje. Kofi lile nililisikia nikiwa mwisho wa mstari. "Ng'ombe" alilitamka mara mbili, la pili akiwageukia wageni ili wacheke. Mtoto akatia mikono mifukoni, na hakuitoa hadi tukapanda basi. Huo ni utani wa nani?

Nilipoanza barua hii nilitaka mtoto aombwe radhi, basi. Sasa nataka pia shilingi 8,400 zetu zote zirudi. Kibao kibadilishwe. Na huyo mtembeza wageni aje shuleni, aombe radhi kwenye gwaride, mbele ya wale wale waliosikia. Nawapa hadi Ijumaa ijayo. Mkinyamaza, nitakwenda kwa afisa wa watoto na ofisi ya elimu ya kaunti, na walimu wakuu wa shule jirani watasoma barua hii kabla ya kuwalipa hata shilingi moja.

Wenu,
Mwalimu wa darasa, Gredi ya Tano

Nakala: Mwalimu Mkuu; babu yake mtoto, ambaye ameomba asomewe kila neno.